Kliniki ya ngozi: nimeenda na uso wangu, wakaniuliza habari za mtoto

Nyota nne. Jina la kliniki silitaji msije mkasema nimelipwa, ila iko hapahapa Dar na foleni yake ni balaa, nimefika saa moja asubuhi nimemwona dokta saa sita na nusu, feni mbovu, nyota ya tano imeishia palepale kwenye benchi.

Sasa huduma yenyewe. Miaka mitatu nina mabaka usoni na masikioni, yanaacha makovu, nikipigwa jua yanawaka moto, na mdomoni vidonda haviishi. Kote nilikopita naambiwa fangasi, mara aleji, mara umepaka mkorogo (mimi? mkorogo?), droo imejaa matyubu ya krimu. Damu ikapimwa lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), kile kipimo cha ANA, ikatoka hasi, basi yakaishia hapo.

Huyu mama dokta hata uso hajaugusa, kaanza na watoto: una wangapi, kuna wa kiume anayeumwaumwa? Mi nikacheka. Wangu wa pili ni majipu na tezi kila kukicha, mwaka juzi kapasuliwa jipu kwenye ini. Dokta akaweka kalamu chini.

Akasema kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa CGD, chembe nyeupe za damu zinameza bakteria vizuri tu ila kuwaua zinashindwa. Jeni yake, CYBB, inakaa kwenye kromosomu X (jeni jamani sio jini, mi nilishtuka) kwa hiyo mama anaibeba mtoto wa kiume ndo anaumwa. Sisi wanawake tuna X mbili na kila chembe inazima moja, so damu yangu mchanganyiko, nyingine zinapiga kazi nyingine bure kabisa. Ila ngozi ya wabebaji wengi ndo inakiona cha mtema kuni, wanapata lupasi ya ngozi ile ya diskoidi (mabaka ya mviringo yanayoacha makovu) na mara nyingi ANA inasoma hasi vilevile!

Kipimo cha jeni sampuli ilisafirishwa nje, hapo andaa hela ya maana. Majibu yakaja, kweli ni hiyo CGD, mtoto anaumwa na mimi mbebaji. Mtoto anakunywa Septrin kila siku pamoja na itrakonazo ya kuzuia fangasi, mimi haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi, macho yalipimwa kwanza, na kofia pana na losheni ya jua ambayo nilidhani ni ya wenye ualbino tu. Makovu yapo, mabaka mapya sijaona toka Ramadhani.

Binti yangu naye kapewa tarehe, maana kubeba ni nusu kwa nusu. Mkienda bebeni chapati zenu, kantini pale hamna kitu.