Metropolis ndefu kwenye Blu-ray: uzoefu wangu

Metropolis, filamu ya kimya ya Kijerumani ya mwaka 1927, nilikuwa nimeshaitazama kwenye DVD ya zamani yenye toleo lililokatwakatwa, na nikabaki najiuliza inasifiwa kwa lipi. Majengo yanapendeza, mashine zinatisha, Brigitte Helm anamcheza Maria, mtetezi wa wafanyakazi, na roboti aliyetengenezwa afanane naye, kwa umahiri mkubwa, lakini hadithi inarukaruka. Watu wanatokea, wanapotea, hujui walikuwa na kisa gani. Sasa nimelipata kwenye Blu-ray toleo lililokarabatiwa mwaka 2010, na nasema bila kusita: hili ndilo la kununua.

Mwongozaji Fritz Lang aliizindua filamu hii Berlin, Januari 1927, ikiwa na urefu wa kama saa mbili na nusu. Haikupita muda wasambazaji wakaipunguza, na vipande vilivyoondolewa vikahesabiwa kuwa vimepotea moja kwa moja. Mwaka 2008 ndipo ilipojulikana kwamba jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires lina nakala ya mkanda wa upana wa milimita 16 iliyokaribia kuwa kamili. Nakala hiyo ilitolewa kwenye mkanda wa milimita 35 ulioingia Argentina mwaka 1928, mkanda uliooneshwa kumbi kwa kumbi hadi ukachakaa. Walipoudurufu, mikwaruzo na uchafu wake vikapigwa pamoja na picha, ndiyo maana hata kompyuta za leo hazikuweza kuvifuta vyote.

Kwenye televisheni unaiona tofauti papo hapo. Sehemu kubwa ya filamu ni safi ajabu: nyuzi za koti zinaonekana, jasho kwenye paji la uso la mfanyakazi linang'aa. Mara picha inabadilika. Inakuwa ya kijivu, mistari ya wima inateremka mfululizo, na pembeni panabaki ukanda mweusi kwa sababu fremu ya milimita 16 ilimeza kipande cha picha ya awali. Mafundi wangeweza kuivuta picha ijae kioo. Hawakufanya hivyo, waliiacha ikae mahali pake halisi. Nimeupenda sana uamuzi huo. Unajua kila dakika ni kipi kilichopotea kikapatikana, na baada ya muda jicho linazoea, unafuata kisa tu.

Na kisa ndicho kilichonifurahisha zaidi. Georgy, mfanyakazi namba 11811, katika toleo fupi anabadilishana nguo na Freder, mtoto wa Joh Fredersen anayeutawala mji, halafu basi, hatujui alikoishia. Hapa tunampata ndani ya gari la kifahari, akiwa na pesa za Freder mfukoni. Karatasi za matangazo ya klabu ya Yoshiwara zinamwagika dirishani, naye, mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa mashine, anashindwa kujizuia. Uso wake pale unastahili bei ya diski. Yule Mwembamba naye, jasusi wa Fredersen, aliyekuwa kivuli tu, sasa anamwendea Josaphat, karani aliyefukuzwa kazi na Fredersen, nyumbani kwake na kumbana mpaka unasikia baridi mgongoni. Hata chuki ya Rotwang, mvumbuzi aliyemtengeneza roboti, na Joh Fredersen inaeleweka, maana limerudi lile sanamu kubwa la kichwa cha Hel, mwanamke waliyempenda wote wawili.

Muziki ni ule ule wa Gottfried Huppertz ulioandikwa kwa ajili ya filamu hii, umepigwa na okestra ya redio ya Berlin chini ya Frank Strobel. Noti zake ndizo zilizowasaidia wakarabati kujua kipande gani kinafuata kipi, na inasikika: mashine zikipiga, ngoma zinapiga nazo. Tumia spika nzuri ukiweza.

Ziada zinatosha. Ipo makala ya video kuhusu ukarabati wenyewe, na mahojiano na Paula Félix-Didier, aliyekuwa akiliongoza jumba lile la Buenos Aires. Anza na filamu kwanza, hizo baadaye.

Malalamiko yangu ni mawili. Manukuu ya Kiingereza yamewekwa kwa herufi ndogo, yanachosha macho ukikaa mbali, na ya Kiswahili hayapo. La pili ni la filamu yenyewe: mwisho wake, ambapo mabwana na wafanyakazi wanapeana mikono, bado naona ni mwepesi mno kwa maovu tuliyoyashuhudia, na dakika zilizorudishwa hazikuuponya.

Bado mapigano ya Rotwang na Joh Fredersen hayajapatikana. Panawekwa maandishi ya kueleza kilichotokea. Ukienda kununua, geuza kasha usome muda. Ikiwa ni karibu dakika 150, ndiyo yenyewe. Ikiwa ni pungufu sana ya hapo, irudishe rafuni.