Programu za kuchora ramani za mawazo: ipi ulipie, ipi uchukue bure

Nikiulizwa na mtu mwenye simu ya Android na bando la wiki, jibu langu ni SimpleMind Pro. Mwenye laptopu yake, asiyetaka kutoa hata shilingi, achukue Freeplane. Nyingine zote zinafuata nyuma ya hizo mbili. Kwenye matangazo zinafanana: kitovu katikati, matawi ya rangi, watu wanaotabasamu mezani. Tofauti inajitokeza siku bando limekata, au siku ada ya mwezi inapodaiwa na kadi haina kitu.

Kwa asiyezijua, ramani ya mawazo ni mchoro wenye wazo kuu katikati, na kutoka hapo yanachomoza matawi, na kila tawi lina vijitawi vyake. Mwingereza Tony Buzan ndiye aliyeufanya mtindo huu ujulikane kwa watu wengi, kupitia vipindi vyake vya televisheni ya BBC mwaka 1974, na kanuni zake bado zinafaa: anzia katikati, andika neno moja au mawili kwa kila tawi, tumia rangi na picha. Kalamu na karatasi vinatosha kabisa kwa mtu anayejisomea peke yake. Programu inakuwa na maana pale mawazo yanapohamahama na watu wanapokuwa wengi.

Chukua mfano wa vijana wanaotaka kununua vitunguu Mang'ola, kule Karatu, na kuvileta soko la Ilala, Dar es Salaam. Katikati wanaandika "Vitunguu". Matawi makubwa ni Mashamba, Usafiri, Soko na Fedha. Chini ya Mashamba kuna bei ya gunia na suala la lumbesa. Chini ya Usafiri kuna lori, ushuru wa mazao na siku za njiani. Chini ya Soko kuna madalali. Mazungumzo yakiendelea, mmoja anasema lumbesa si jambo la shambani tu: imepigwa marufuku, na Wakala wa Vipimo wakilikuta gunia limejazwa kupita kiasi, mzigo mzima uko mashakani. Kwenye karatasi wangefuta, au wangechora mshale mrefu unaokatiza kila kitu. Kwenye programu wanalishika tawi lile kwa kidole, pamoja na vijitawi vyake vyote, wanaliweka chini ya tawi jipya la Hatari, na ramani inajipanga yenyewe. Hicho ndicho unachonunua. Urembo ni nyongeza.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

La kwanza ni faili linakaa wapi. Programu nyingi za siku hizi hufunguka kwenye kivinjari na kuweka kazi zako kwenye seva za kampuni. Ni raha mtandao ukiwepo. Ukikatika, unabaki ukitazama kiduara kinazunguka huku wenzako wamekaa kikaoni wanakungoja.

La pili ni namna ramani inavyotoka ndani ya programu, kwa sababu wengi utakaowaonyesha hawatakuwa na programu hiyo. Wataipokea kwenye grupu la WhatsApp, au wataiona imebandikwa ukutani. Hapa nisisitize jambo ambalo watu hulipuuza. Ukituma ramani kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, picha inabanwa, na maneno madogo ya vijitawi vya pembeni yanakuwa ukungu mtupu. Itoe kama PDF, uitume kama faili. Mpokeaji ataikuza kwa vidole viwili hadi kijitawi cha mwisho na herufi zitabaki safi, maana PDF nyingi za programu hizi huhifadhi maandishi na mistari yenyewe, si vidoti vya picha. Ukipeleka kuprinti steshenari, kumbuka kwamba bei nafuu ni ya nyeusi na nyeupe. Matawi uliyoyatenganisha kwa nyekundu na kijani yatatoka yote kijivu. Yape namba, au yatofautishe kwa unene wa mstari, ndipo karatasi ya A4 isomeke.

La tatu: unanunua au unakodi? Dola 5 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini ni dola 60 kwa mwaka, na mwaka unaofuata tena. Mwalimu anaweza kuitumia programu sana wakati wa kuandaa maazimio ya kazi, kisha akakaa miezi asiiguse, na ada inaendelea kukatwa. Ndiyo maana katika orodha hii nimeipa uzito mkubwa programu inayolipiwa mara moja.

1. SimpleMind Pro

Ni kazi ya ModelMaker Tools ya Uholanzi. Inafanya kazi bila intaneti, haikulazimishi kufungua akaunti, na unailipia mara moja tu. Kwenye Android na iPhone kuna toleo la bure lisilo na matangazo, linalotosha kukuonyesha kama mkono wako unaizoea. Ukilipia Pro unapata kuambatisha picha, kutoa PDF, na kusawazisha ramani kati ya vifaa vyako kupitia Google Drive au Dropbox yako mwenyewe. Ramani zinabaki mali yako, kwenye hifadhi yako.

Kinachonifanya niiweke juu ni jinsi inavyotendea skrini ndogo. Unaweza kuiacha ijipange yenyewe, au ukazima mpangilio huo na kuliweka kila tawi pale unapotaka. Kwa mtu anayekumbuka mambo kwa mahali yalipo kwenye ukurasa, uhuru huo ni mkubwa. Pia inafungua mafaili ya mm, yale ya Freeplane, kwa hiyo aliyeanza kwenye kompyuta anaweza kumalizia kwenye simu akiwa ndani ya daladala.

Upungufu wake usikufikie kwa kushtukiza. Kila mfumo unalipiwa peke yake: ukinunua ya Android, ya Windows utailipia tena, na ya kompyuta ina bei kubwa kuliko ya simu. Kwa bahati njema, ya Windows na ya Mac unaweza kuijaribu siku 30 kabla ya kutoa hela. Tena, watu wawili hawawezi kuihariri ramani moja kwa wakati mmoja. Kama kazi yenu ni ya kuandika kwa pamoja kila mmoja akiwa mji wake, ruka hadi namba tatu.

2. Freeplane

Hii ni programu huria, bure kabisa, ya Windows, Mac na Linux. Ilizaliwa kutoka FreeMind, programu huria iliyoitangulia, pale Dimitry Polivaev, mmoja wa waliokuwa wakiijenga FreeMind, alipoanzisha toleo lake. Sura yake ni ya kizamani, na menyu zake ni nyingi hadi zinaogopesha. Usiziogope. Siku ya kwanza unahitaji vitufe vitatu tu: Tab inaongeza kijitawi, Enter inaongeza tawi la kando yake, na kitufe cha nafasi kinakunja na kukunjua. Ukishavizoea, unaandika ramani kwa kasi ile ile ya mtu anayezungumza, hugusi hata kipanya. Ndiyo ninayoipenda kwa kuandika kumbukumbu za kikao, kwa sababu mkono hauachi vitufe na macho hayaachi watu.

Kuna jambo jingine ambalo watumiaji wengi hawalifahamu. Ukiwa na orodha uliyoiandika kama maandishi ya kawaida, mistari ya chini ikiwa imesogezwa ndani kwa Tab, inakili na uibandike ndani ya Freeplane. Inageuka ramani papo hapo, na kila mstari unakaa chini ya mzazi wake. Muhtasari wa somo zima unakuwa mchoro kabla mwalimu hajawasha projekta. Ramani yenye mambo ya siri unaweza kuifunga kwa nywila. Faili lake ni maandishi ya XML, linafunguka hata kwa Notepad, kwa hiyo programu ikipotea leo maneno yako hayapotei nayo. Lipo pia toleo linalokaa kwenye flashi bila kusakinishwa, ambalo linawafaa sana wanaotumia kompyuta za maabara ya shule au za intaneti kafe.

Mbona basi haipo namba moja? Haina programu yake ya simu. Hilo tu. Lakini kwa wasomaji wengi ninaowaandikia, hilo ni kubwa.

3. Coggle

Hii ni ya vikundi. Inafanya kazi kwenye kivinjari, unaingia kwa akaunti ya Google, unawatumia wenzako kiungo, na mnachora pamoja. Kila badiliko linahifadhiwa katika historia, hivyo aliyefuta tawi la mwenzake kwa bahati mbaya hajaharibu kitu, mnarudi nyuma. Unaweza pia kuunganisha tawi la upande mmoja na la upande wa pili, jambo linalosaidia pale usafiri na fedha vinapogusana.

Toleo la bure linakupa michoro 3 ya faragha. Michoro ya hadharani haina kikomo, na hapo ndipo pa kuwa makini: kilicho hadharani kinaonekana na yeyote. Mpango wa biashara wenu, majina ya wanachama wa kikoba, mishahara, visiwekwe huko. Ada ya kifurushi cha kawaida kwa muda mrefu imekuwa dola 5 kwa mwezi. Kikundi cha chuo chenye kazi moja kwa muhula hakihitaji kulipa. Kamilisheni kazi, toeni PDF, futeni mchoro, nafasi inarudi.

4. Xmind

Kwa urembo, Xmind inazishinda zote. Ina mipangilio mingi zaidi ya ile ya kitovu na matawi: mfupa wa samaki wa kutafutia chanzo cha tatizo, mstari wa wakati, mti wa uongozi wa ofisi. Inaweza pia kuigeuza ramani ikawa slaidi bila wewe kuandaa slaidi hata moja, na mtoa mada atafurahi. Inafanya kazi kwenye kompyuta bila mtandao.

Nimeishusha kwa sababu ya malipo. Toleo la bure huacha alama ya kampuni juu ya picha unayoitoa, na kuiondoa kunahitaji ada ya kila mara. Anayetoa mafunzo kwa malipo, anayeuza kazi yake kwa wateja, ataona faida. Mwanafunzi abaki na zile tatu za juu.

5. MindMeister

Ipo tangu 2007 na ni imara kwa kuhariri pamoja, ikiwa na maoni pembeni ya kila tawi. Bure unapata ramani 3. Kwa ofisi yenye mtandao wa uhakika na bajeti ya programu ni chaguo zuri. Kwa mtu binafsi, Coggle inampa karibu yote hayo kwa masharti mepesi zaidi.

Ambazo watakuuzia na pengine huzihitaji

Miro ni ubao mweupe mkubwa wa mtandaoni, na ramani za mawazo ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Bure unapata mbao 3 za kuhariri. Ni nzito kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo na inakula bando. Canva unaweza kuchorea ramani inayopendeza kwa bango la mkutano, lakini ukitaka kuhamisha tawi lenye vijitawi kumi utaona kwamba haikujengwa kwa fikra zinazobadilika. MindManager ni ya siku nyingi na ina nguvu za kweli kwa wasimamizi wa miradi mikubwa; bei yake ni ya kampuni, na iachiwe kampuni.

Kuna wanaotafuta ramani ya mawazo ilhali wanachohitaji ni ramani ya dhana. Ukitaka kuonyesha kwamba mvua inasababisha mafuriko, mafuriko yanaharibu barabara, barabara mbovu inapandisha bei, na kila mshale uwe na kitenzi chake, mti wenye kitovu kimoja utakubana. Ramani ya dhana ilitokana na kazi ya Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell miaka ya 1970, na programu yake, CmapTools, inatolewa bure na taasisi ya IHMC ya Florida. Walimu wa baiolojia na jiografia, anzieni hapo.

Kulipa na kujaribu

Kenya, Play Store inakubali M-Pesa, na kwa tovuti za nje kuna kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay. Tanzania nako kadi pepe ya Visa kupitia M-Pesa inafanya kazi hiyo. Kwa programu za ada ya mwezi, weka kwenye kadi kiasi cha malipo hayo tu, na ukimaliza kazi ingia Play Store, sehemu ya malipo na usajili, ukatishe. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi ada.

Ukinunua Play Store unaweza kuomba kurudishiwa fedha ndani ya saa 48, kwa hiyo nunua siku ambayo una kazi halisi ya kuipima. Weka kibodi ya Gboard kwenye Kiswahili ili isikubadilishie maneno. Zima data. Chora ramani ya kazi yako yenye matawi kama hamsini, hamisha tawi kubwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, itoe kama PDF. Washa data, itume kwa mtu mwenye simu ya bei nafuu kuliko yako, umwombe akusomee kijitawi kilicho mbali kabisa na kitovu. Akishindwa kukisoma, omba hela yako.