Dawa ya pua ya mwani: inanata kweli, ila haizibui

Naendesha basi Birmingham, na kuanzia Novemba kila kituo anapanda mtu na mafua yake. Ndiyo nikanunua kichupa cha kupuliza puani chenye iota-karajinani, karibu paundi 8 kwa mililita 20. Ndani mna maji, chumvi ya kawaida na karajinani miligramu 1.2 kwa kila mililita. Basi.

Karajinani hiyo hutolewa kwenye mwani tunaouita spinosamu. Kwetu Jambiani, Zanzibar, hauhitaji maelezo, kinamama wanaulima tangu mwaka 1989. Nilipompigia mama mkubwa kumwambia nautia puani, alicheka mpaka akakohoa: "Mwanangu, utaota mwani!"

Sasa kazi yake. Pua ina vijinywele vinavyofagia ute kuelekea kooni, na ute wote hubadilika kila baada ya dakika 15 hadi 20 hivi. Maji ya chumvi matupu huondoka nao upesi. Nikipuliza nayameza kabla sijafika kituo cha pili. Karajinani ni polima, yaani molekuli ndefu kama kamba, na huyafanya maji yale yawe mazito na yagande kwenye ngozi laini ya pua. Hii naisikia bado ipo, pua ina unyevu, hata kipasha joto cha basi kikivuma usoni.

Dawa yangu ya mzio, fluticasone, hutumia hila hiyo hiyo, ila polima yake ni selulosi ya miti. Ukiitikisa inalainika ipite kwenye pampu. Ikitua puani inakuwa nzito tena, dawa ikapata muda wa kuingia. Ndiyo sababu ya yale maneno "tikisa kabla ya kutumia" ambayo watu huyaruka. Hii ya mwani ni tofauti: polima yenyewe ndiyo dawa. Haifyonzwi mwilini, inabaki juu na kunasa virusi visizifikie seli. Kwa hiyo ukiinunua pua ikiwa imeshaziba, umetupa pesa. Anza koo linapowasha tu.

Inasaidia? Jaribio la Cardiff lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha dalili za mafua zikipungua kwa waliopuliza, lakini walikuwa watu 35 tu. Mimi mafua nimepata, ila mepesi kuliko ya mwaka jana, na sitaapa kwamba ni mwani.

Kero zipo. Ikikauka inaacha ukoko mweupe pembeni mwa tundu la pua, na abiria wanatazama. Pampu inavuja ukiilaza mfukoni. Tena ni mara tatu kwa siku, kazi kwa mtu mwenye usukani.

Nyota 3 kati ya 5. Kabla ya kulipa, soma miligramu za karajinani kwa mililita: duka la dawa la mtaani kwangu lina aina mbili zenye kipimo kilekile, zimetofautiana kasha na paundi 3.