Sahani au panya: bakteria rafiki na lava wa safura

Hapa Pemba, ambako watoto wa skuli hugawiwa dawa ya minyoo, swali la kama bakteria rafiki, mfano wale wa mtindi, huwadhuru lava (minyoo wachanga) wa safura wenyewe linastahili kipimo cha haki. Albendazole, yaani dawa hiyo ya minyoo, ibaki pale pale wakati tunatafuta jibu.

Njia ya kwanza ni sahani ya maabara. Unaotesha lava wa safura kutoka kwenye kinyesi, unawawekea bakteria, kisha unawatazama kwa darubini: nani anajipinda, nani hatikisiki hata akiguswa. Umri wao ni jambo kubwa. Lava wachanga hula bakteria, kwa hiyo watawameza. Waliokua zaidi, wa hatua ya 3, hawali, tena bado wamevaa ganda la zamani. Na lazima pawe na sahani nyengine yenye asidi ya laktiki (uchachu unaotolewa na bakteria hao) peke yake, kwa uchachu ule ule. Bila hiyo, huenda uchachu ndio ulioua, nawe ukawasifu bakteria bure.

Njia ya pili ni panya aliyeambukizwa minyoo ya jamii ya safura. Unahesabu mayai kwenye kinyesi na minyoo kwenye utumbo. Inakaribia zaidi hali ya mtoto, lakini mayai yakipungua, hujui ni bakteria au kinga ya panya.

Kwa kuwa tunauliza athari ya moja kwa moja, mimi nachagua sahani kwanza, panya baadaye.