Treni ya mtumba ya Kibuye: treni naipa tatu kwa tano, watu wake ni hesabu nyingine

Watu wangu wa Kisumu, mmeniuliza sana hii treni ya kuchezea ninayoweka kwa status nilitoa wapi na kama inafaa kununua, sasa wacha niandike yote hapa mara moja nipumzike.

Nilinunua Kibuye siku ya Jumapili, kwa wale wanaotandika turubai chini na kumwaga vitu vya watoto, unakuta mdoli hana mkono na kabaiskeli kamebaki magurudumu mawili kati ya matatu. Nilikuwa namtafutia kijana wa dada yangu kigari cha kusukuma. Chini kabisa nikaona sanduku limefungwa selotepu ya kahawia, ndani kuna injini nyeusi, mabehewa matatu ya mizigo, kale kabehewa kekundu ka mwisho kenye kachumba juu, reli zenye kitako cha plastiki ya kijivu na transfoma ndogo ya kinobu. Mwenye mali akasema 5,000. Nikamwambia mzee wangu, hii hata wewe hujui kama inatembea. Tukavutana mpaka 3,200. Kampuni sitaitaja, selotepu ilikuwa imekaa palepale kwa jina, na kusema ukweli makosa mengi ya hii stori ni yangu.

Kosa la kwanza lilikuja dakika kumi baada ya kufika nyumbani. Ile transfoma imeandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa kwamba inataka volti 120, ni ya Marekani, na stima yetu ni 240. Mimi sikusoma. Ilikuwa na ile plagi ya miguu bapa, nikatafuta adapta ya kubadilisha nikachomeka. Ikalia kama nyuki kwa chupa, sekunde nne hivi, alafu ile harufu. Mama watoto akauliza kutoka jikoni, "Baba, ni nini unachoma?" na kijana naye hakusaidia, akajibu kwa sauti kubwa, "Ni treni ya anko!"

Usiku nikaanza kutafuta kwa simu nikaingia kwa gurupu za hawa watu wa treni za kuchezea, nikapiga picha ya transfoma imeyeyuka upande mmoja nikaiweka na Kiingereza changu cha kuokoteza. Nilikuwa nimejipanga kuchekwa. Kwa gurupu zetu za magari ukiuliza kitu ya kipumbavu hivyo wanakupigia skrinshoti unatembea Kisumu yote. Lakini wa kwanza kunijibu alikuwa mzee wa Uingereza, fundi wa umeme aliyestaafu, na swali lake lilikuwa moja tu, je injini ilikuwa juu ya reli wakati ule? Haikuwa. Akasema basi umepoteza kitu cha bei ndogo, injini yenyewe haina habari na stima ya ukutani, inachotaka ni volti sifuri mpaka 12 za DC kupitia reli mbili, haijali zinatoka wapi. Akachora saketi kwa mgongo wa bahasha akaituma: adapta ya volti 12 kama ile ya CCTV, fyuzi ya ampea moja, kale kakifaa ka kupunguza mwendo wa mota, na swichi ya miguu sita ya kugeuza chanya na hasi ili treni irudi rivasi. Nikampelekea fundi wangu wa redio hiyo picha, akaitazama akasema huyu mtu anajua kuchora. Vifaa vyote na kazi yake havikufika 1,200.

Ikatembea! Vibaya, lakini ikatembea. Inaenda hatua mbili inakufa, unaigusa na kidole inaendelea. Nikaona reli zina weusi nikachukua msasa nikasugua zikang'aa kama sufuria mpya, nikaweka picha kwa fahari. Hapo ndipo walinishika, kwa upole lakini walinishika. Msasa unaacha mikwaruzo midogo na uchafu unaingia humo ndani, kwa hivyo leo inang'aa na wiki ijayo ni mbaya kuliko mwanzo. Unatakiwa kutumia pombe ya isopropili kwa kitambaa, na magurudumu unayasafisha kwa kulaza tishu iliyoloweshwa juu ya reli, unaweka injini nusu kwa tishu nusu kwa reli, unaishika izunguke palepale, na utashangaa ule mstari mweusi unaobaki. Fundi wa simu pale stendi alinigawia isopropili yake kwa chupa ya dawa ya kikohozi. Mafuta ni tone moja la cherehani kwa ncha ya sindano, sio ya kupikia, na hapo naomba msiniulize ni nani alikuwa amejaribu ya kupikia.

Sasa injini ikawa inatembea vizuri ila inalia tak, tak, tak kila gurudumu likizunguka. Nikarekodi sauti nikatuma, na ndani ya saa moja watu wa nchi tatu wanasema ugonjwa uleule bila hata kuona: zile giya ndogo za plastiki kwa ekseli, zikizeeka zinapasuka, na kila ule ufa ukifika kwa giya ya juu inaruka. Nikafungua chini, kweli, ufa mwembamba kama unywele. Hapa kwetu hiyo giya utatoa wapi. Mama mmoja wa Ohio akaniambia ako na boksi ya vipuri vya marehemu mume wake, akatuma mbili ndani ya kadi ya bathdei ya mtoto ili bahasha isibondwe. Wiki tano posta. Nilipomuuliza nimtumie pesa namna gani akasema nitume video ikitembea, basi.

Kuhusu seti yenyewe, kwa wale wanataka kununua. Kulabu za kuunganisha mabehewa ni za kizamani, za plastiki, ukirudi rivasi zinaachana ovyo. Mabehewa ni mepesi mno, yanaruka reli kwa kona. Chama cha hawa watu Marekani, NMRA, kina kipimo chake cha uzito kwa saizi hii ya HO, yaani treni ndogo mara 87 kuliko ya kweli, aunsi moja ya kuanzia alafu nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, maana yake behewa la inchi sita linatakiwa kukaribia gramu 113. Langu nilipeleka bucha likapimwa kwa mizani ya dijito katikati ya watu wa nusu kilo, likatoka gramu 71. Mwenye bucha akauliza na hii nikufungie? Nikabandika nati ndani na gundi mpaka zikafika, na tangu siku hiyo kona zote zinapita. Injini yenyewe ni nzito na imara, taa ya mbele inawaka, hapo sina malalamiko.

Kubwa zaidi ilikuwa kona. Duara kamili la hii saizi, kona za radiasi ya inchi 18, linataka vipande 12. Mimi nilihesabu 11, nikahesabu tena, nikarudi Kibuye Jumapili iliyofuata nikachakura turubai lote, yule mzee akanipa kipande kimoja akasema ndio hiki. Kilikuwa na reli tatu. Kuna moja katikati! Nilidhani ni ya kiwanda imeharibika, kumbe ni ya familia nyingine kabisa, saizi ya O, upana wa milimita 32, zinatumia stima ya AC na ile reli ya katikati ndio inapeleka moto, mtindo wa Lionel, kampuni iliyoanzia New York mwaka wa 1900. Haiingiliani na yangu hata kwa maombi. Kijana aliichukua, sasa ni ngazi ya mdoli.

Basi nikawauliza, na 11 nafanya nini. Wengine wakaniambia subiri upate, wengine wakachora maumbo ya ajabu, alafu yule mzee wa Uingereza akaniuliza mbona unataka duara, kwani treni ya kwenu inazunguka? Nikakaa nikafikiria. Ya kwetu inatoka Nakuru, inapanda Njoro, Molo, Londiani, inashuka Fort Ternan, Muhoroni, Chemelil, Kibos, inafika ziwani inageuka inarudi. Haijawahi kuzunguka tangu reli ifike hapa 1901, wakati hii Kisumu inaitwa Port Florence. Nikapata mbao za plaiwudi, nikalaza reli kutoka mlango wa chumba mpaka dirishani na kona mbili za kupanda Mau, na ziwa ni beseni la bluu la kufulia. Mama watoto analitaka kila Jumamosi kwa hivyo Jumamosi ziwa hukauka.

Sasa wale watu waliposikia nakaa mji wenye reli ya upana wa mita moja, mambo yakageuka, mimi ndio nikawa wa kuulizwa. Hasa mmoja wa Uswisi, yeye anapenda treni za milimani za Rhätische Bahn ambazo pia ni za mita moja kama zetu, akaniomba nimpimie reli ya Kisumu mwenyewe kabisa, na futi. Nikaenda stesheni na kijana na futi ya fundi cherehani. Askari akatuita. "Nyinyi mnapima nini?" Nikamweleza, Mzungu, Uswisi, treni za kuchezea, na nilivyokuwa nikieleza nikaona hata mimi nisingejiamini. Akanyamaza, alafu akasema haya, lete hiyo futi nishike huku, mkisimama wawili mtapima vibaya, unapima ndani kwa ndani. Sentimita mia moja, sawasawa. Hiyo picha ya kiatu cha askari na futi ilipendwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka mtandaoni.

Na hapo ndipo nilijua kitu kilinichekesha. Ukigawa ile milimita 1,435, upana wa reli ya SGR, kwa 87 unapata milimita 16.5, na hiyo ndiyo reli ya HO. Yaani mimi mtu wa Kisumu nimekuwa nikiendesha SGR chumbani, na hiyo SGR yenyewe hata haijafika kwetu! Ya kwetu kwa saizi hiyo ingekuwa milimita 12 hivi, wanaiita HOm, ziko, zinauzwa kwa hao hao Waswisi, bei yake usiulize.

Wapo wasumbufu pia, nisiwadanganye. Kuna wale wanahesabu mpaka misumari ya ribiti kwa tumbo la injini, ukiweka behewa la miaka ya 50 nyuma ya injini ya miaka ya 70 wanakuandikia aya tatu. Kuna wenye vyumba vya treni vikubwa kuliko nyumba yangu na hawaoni kama kuna tofauti. Lakini hata hao ukiwajibu kwa heshima wanaishia kukutumia mchoro. Na wote wanataka stori ya zile Garratt za daraja la 59, injini 34 za mvuke zilizotoka kwa Beyer Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 50 zikapewa majina ya milima yetu, mpaka nikaona aibu nikapanda kwenda Nairobi kuona ile Mount Gelai pale makumbusho ya reli. Nilisimama kando ya gurudumu, likanipita kiuno.

Kitu cha ajabu zaidi, Mmarekani ndiye alinijulisha kwa jirani yangu. Aliandika tu, kuna Mkenya mwingine humu, mnajuana? Kumbe jamaa ako Nakuru, anatengeneza stesheni ya Nakuru kwa katoni za maziwa, paa, saa, kila kitu. Tukafungua gurupu yetu ya WhatsApp, tulikuwa wanne na sasa tumepita thelathini, Eldoret wako, Kakamega wako, kuna mwalimu wa Muhoroni anatumia vijiti vya aiskrimu kama mataruma. Mtu akiingia jioni akisema amechoma transfoma, mimi ndio wa kwanza kumuuliza kama injini ilikuwa juu ya reli.

Kwa hivyo Kibuye, ndio, nendeni, lakini soma kile kibandiko cha volti kabla ya kutoa pesa, hesabu kona, geuza injini uangalie giya, na usilipe zaidi ya 3,000 kama hakuna cha kuijaribia. Yule jamaa wa Nakuru alikuja kutusalimia mwezi uliopita akaniletea kona ya 12, ameifunga kwa gazeti kama samaki. Duara limetimia. Nilimuuliza kijana tulifunge sasa, akanitazama kama nimeuliza kitu ya ajabu, akaichukua akaiweka kando ya reli karibu na beseni, akasema hapo ni Kibos, abiria wanangoja.