Uzoefu wangu: bustani ya nyumbani Iyumbu, Dodoma, baada ya mwaka mmoja na miezi minne

Bustani ya Dodoma haiwezi kuhukumiwa siku mafundi wanapokabidhi kazi, kwa sababu siku hiyo kila mche una maji na kila kona imefagiliwa. Ndiyo maana nimesubiri tangu Juni ya mwaka jana, msimu mzima wa mvua ukapita na kiangazi kikafika Oktoba, ndipo nieleze huduma niliyoipata kwa mafundi waliotengeneza uwanja wa nyumba yangu hapa Iyumbu.

Kiwanja kina mita 20 kwa 30 na kinateremka kuelekea getini. Kabla ya hapo nilikuwa nimepanda majani ya paspalamu kwenye mita za mraba 80 mbele ya nyumba, kama nilivyozoea kuona Dar es Salaam, na niliyapenda kwa dhati. Lakini katika jua na upepo wa huku majani yale yalihitaji karibu lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 400, ambazo kwa mwezi ni uniti 12 za maji zinazoishia ardhini. Wiki ambazo maji ya bomba yalikatika nililazimika kununua boza, na kufikia Septemba majani yalikuwa yamebaki viraka vya njano. Mvua zilipoanza Desemba, zikaja kwa kishindo kama zinavyokuja siku zote katika mkoa huu unaopata takribani milimita 570 tu kwa mwaka, maji yakakimbilia getini na udongo mwekundu wote wa juu.

Nilipowaita mafundi nilitaka wanipandie majani mengine yanayostahimili ukame. Fundi mkuu alizunguka uwanja kimya, akachimba mahali patatu kwa sururu, kisha akaniambia, "Mama, tukamate maji ya mvua kwanza, majani tutayazungumza baadaye." Kwa maneno hayo peke yake naona walistahili malipo yao. Walichimba makingamaji manne madogo yanayokata mteremko, yenye kina cha sentimita 30 hivi, kwa mtindo ambao wazee wa Kondoa wanaufahamu vizuri tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, na maji ya paa yanayozidi tenki la lita 5,000 wakayaelekeza humo kwa bomba. Mwezi Januari nilisimama barazani mvua ikinyesha, nikaona maji yakitulia katika kila kingamaji na kunywewa taratibu, na getini hapakutoka tope. Sijawahi kufurahia mvua kiasi kile.

Jambo jingine ninalowashukuru ni kisiki cha mgunga kilichokuwa nyuma ya jiko, ambacho mimi nilikuwa nimeagiza king'olewe. Waliniomba kibaki, wakachagua machipukizi mawili yaliyonyooka, wakakata mengine yote, kama wafanyavyo wakulima wa mkoa huu wanaofuata kilimo cha kisiki hai. Mizizi ya zamani ilikuwa tayari imefika chini kabisa, hivyo bila kumwagiliwa hata tone mti huo sasa umenizidi urefu, wakati miche ya dukani ya umri uleule bado inanifika kiunoni.

Upandaji ndipo walipokosea, na kosa hilo liliniumiza. Mashimo yalikuwa mazuri, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukitengwa na wa chini na kuchanganywa na ndoo mbili za samadi ya ng'ombe iliyooza. Lakini walipanda miche 14 mwezi Julai, wakati upepo mkavu umeshika na miezi mitano ya kiangazi iko mbele, kwa sababu tu walitaka kukamilisha kazi. Mitano ilikufa kabla ya Novemba. Mikomamanga na miarobaini ilipona, mipera mitatu na michungwa miwili ikaondoka. Walinibadilishia mitatu bila malipo, na nawashukuru, ila shimo lilipaswa kuchimbwa mapema na mche usubiri mvua ya Desemba.

Mipira ya kumwagilia kwa matone nayo ilianza kuziba mwezi wa tatu, kwa kuwa maji yetu yana chumvi na chujio halikuwekwa. Nililinunua mwenyewe, na tangu hapo nafungua ncha za mipira kila mwezi kuisafisha. Matandazo ya nyasi kavu waliyoyasukuma hadi kwenye mashina yaliita mchwa, ambao huku hawahitaji kualikwa mara mbili. Nimeyaondoa nafasi ya shubiri moja kuzunguka kila shina, na mchwa wamepungua sana.

Kokoto ndizo zilizonifundisha zaidi. Upande wa magharibi, chini ya dirisha la chumba cha kulala, walitandaza kokoto nyeupe badala ya majani, na kwa macho palipendeza. Ilipofika Oktoba joto lililohifadhiwa na kokoto zile mchana kutwa liliingia ndani usiku, watoto wakashindwa kulala. Tulizihamishia kwenye njia ya gari, na mahali pake mafundi wakasimamisha chanja la mabomba lenye mizabibu miwili. Mzabibu unaipenda Dodoma, majani yake yanatia kivuli ukutani saa ambazo jua ni kali, na chumba kimepoa.

Majani ya paspalamu yamebaki mita za mraba 12 tu karibu na baraza, watoto wapate pa kuchezea, na uzio umefunikwa na bogenvilia na mishubiri ambayo siimwagilii kabisa. Matumizi ya bustani nzima sasa ni uniti tatu hivi kwa mwezi wakati wa kiangazi.

Sehemu ya nyuma bado haijaguswa. Nimewaita mafundi walewale waje Novemba wachimbe mashimo na makingamaji mawili, na tumekubaliana kwa maandishi kwamba chujio litawekwa siku ya kwanza na hakuna mche utakaoingia ardhini kabla mvua haijalowanisha udongo hadi kina cha mkono.