Uzoefu wangu na Pontiac Vibe, gari la kampuni isiyokuwepo tena

Fungua boneti la Pontiac Vibe ya 2005, na fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, ataitambua injini kabla hamjamaliza kusalimiana. Ni 1ZZ-FE ya Toyota, silinda nne, lita 1.8, ileile iliyomo kwenye Allion, Premio na Wish nyingi zinazopita barabara za Dar. Nembo ya mbele ndiyo inayowachanganya watu: mshale mwekundu unaochoma kwenda chini, alama ya Pontiac, kampuni ambayo wenyewe, General Motors (GM) wa Marekani, waliifunga. Hapa Michigan, Marekani, ninakoishi nembo hiyo inashusha bei. Nilipokuwa natafuta gari, Vibe zilikuwa zinauzwa chini ya Toyota Matrix za mwaka uleule na zilizotembea maili zilezile, ilhali chini ya bati Vibe na Matrix ni gari moja. Nikachukua Vibe, na hadi leo ndiyo inayonipeleka kazini.

Undani wake ni huu. Magari yote mawili yamejengwa juu ya msingi wa Corolla. Matrix ilitengenezwa Canada, Vibe ikatengenezwa Fremont, California, katika kiwanda kilichoitwa NUMMI. Kiwanda hicho kilikuwa cha GM, kikafungwa 1982, halafu kikafunguliwa upya 1984 kwa ubia wa GM na Toyota. GM walitaka kuona Wajapani wanaundaje gari dogo lisilo na kasoro. Toyota walitaka kujua kama utaratibu wao utafanya kazi mikononi mwa wafanyakazi wa Marekani. Ulifanya kazi. Wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale waliokuwapo kiwanda kilipofungwa, na magari yaliyotoka mikononi mwao safari hii yalisifiwa kwa ubora. Vibe ilianza kutoka hapo 2002 kama toleo la 2003. Siku hizi kiwanda hicho ni cha Tesla.

Sasa gari lenyewe. Si gari la mbio. Lina nguvu za farasi 130, na langu ni otomatiki yenye gia nne tu, kwa hiyo ukiingia barabara kuu unalikanyaga kweli na injini inapiga kelele kabla halijashika mwendo. Baada ya hapo linatulia. Kwa mafuta sina neno: nikichanganya mjini na barabara kuu napata kilomita 12 hadi 13 kwa lita. Injini inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo ule wasiwasi wa mkanda kukatika njiani haupo.

Ninachokipenda zaidi ni nafasi. Viti vya nyuma vinalala kabisa, na kiti cha abiria wa mbele nacho kinalala kuelekea mbele, hivyo unaweza kupitisha ubao mrefu au kabati lililokunjwa kuanzia buti hadi karibu na dashibodi. Sakafu ya nyuma ni ya plastiki ngumu, si zulia, ina reli za kufungia kamba. Nimebeba magunia ya mchele, ndoo za mawese, vyombo vya harusi ya jamaa, nikafuta kwa kitambaa cha maji yakaisha. Kioo cha mlango wa nyuma kinafunguka peke yake, kwa hiyo huna haja ya kuinua mlango mzima ili kuchomoa mfuko mmoja. Kwenye dashibodi kuna soketi ya umeme ya volti 115, kama ile ya ukutani nyumbani. Haiwezi kuendesha pasi wala birika, lakini kompyuta inachaji vizuri. Mwaka 2003 hicho kilikuwa kitu cha ajabu kwenye gari la bei hii.

Adui wa gari hili ni chumvi, kama ilivyo kwa magari yote ya huku. Michigan wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi inakula bati kutoka chini. Kama unanunua Vibe katika majimbo ya kaskazini, mtake muuzaji aipandishe juu, uangalie kwa tochi, hasa chasisi ya mbele inayobeba injini na mabomba ya breki. Akikataa, ondoka. Gari lile ukilipata Texas, Arizona au Georgia, chini ni safi kiasi cha kukushangaza.

Mambo mawili mengine ya kuangalia. Injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, tatizo la ringi za pistoni. Langu halijafanya hivyo, lakini napima oili kila ninapojaza mafuta na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Na zile za gia za mkono za 2003 na 2004 zina sifa mbaya ya beringi za giaboksi. Sikiliza mlio kabla hujatoa hela. La tatu si la hiari: mfuko wa hewa wa upande wa abiria. Vibe za miaka ya mwanzo zimo katika wito wa dunia nzima wa kurudisha magari yabadilishiwe mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ile inayoweza kurusha vipande vya chuma inapofunguka. Kubadilishiwa ni bure. Kwa kuwa hakuna tena duka la Pontiac, kazi hiyo inafanywa na mawakala wa Chevrolet, Buick, GMC au Cadillac. Chukua namba ya chesisi, uliza, na kama bado haijafanyika, usimkalishe mtu kiti cha mbele.

Watu huniuliza kama napata spea. Za injini, breki na miguu (springi na shokamzoba) ni za Toyota na ziko kila mahali. Shida iko kwenye bodi: bampa, boneti, taa na sho (grili) ya mbele ni za Vibe peke yake, za Matrix hazikai. Hizo unazitafuta kwenye makaburi ya magari.

Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu wa Tegeta, Dar. Ana Toyota Voltz, iliyotoka Japani kama magari mengi ya kwetu, na kila fundi anayelishika anashangaa: injini anaijua, sura haijui. Akanitumia picha, akaandika, "Shemeji, hili gari ni la wapi hasa?" Voltz ni Vibe. Iliundwa Fremont, ikawekewa usukani wa kulia na nembo ya Toyota, ikasafirishwa kwenda kuuzwa Japani kuanzia 2002. Wajapani hawakuipenda, na 2004 ikaondolewa sokoni. Baadhi zikaja Afrika Mashariki zikiwa zimetumika. Kwa hiyo gari la shemeji limevuka Bahari ya Pasifiki, kisha Bahari ya Hindi, na huko Tegeta limo barabarani kama Toyota ya kawaida wakati ni Pontiac kwa umbo lake lote. Boneti lake lilipokunjika nilimpatia la Vibe kutoka kaburi la magari huku, likaenda ndani ya kontena pamoja na mizigo ya watu wengine. Taa za mbele nilikataa kumtumia, kwa sababu za huku zimeelekezwa kumulika kwa anayeendesha upande wa kulia wa barabara. Zingewapofusha wanaokuja mbele yake.

Nimeishi na gari hili kiasi cha kutaka kujua kampuni yenyewe ilikwendaje hadi ikafa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyokasirika.

Pontiac ni mji kwanza. Uko kaskazini-magharibi mwa Detroit, na umebeba jina la kiongozi wa Waodawa, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, aliyewapiga vita Waingereza 1763. Wapenzi wa soka wanaufahamu bila kujua: uwanja wa Silverdome, ambako Brazil na Sweden walitoka 1–1 kwenye Kombe la Dunia la 1994, ulikuwa hapo. Mjini humo kulikuwa na kampuni ya magari ya Oakland, iliyoanzishwa 1907, GM wakainunua 1909. Mwaka 1926 Oakland ikatoa gari la silinda sita la bei nafuu zaidi, dola 825, likaitwa Pontiac. Mtoto akamla mama: hadi 1932 jina la Oakland lilikuwa limefutwa, Pontiac imebaki.

Mkuu wa GM wa wakati huo, Alfred Sloan, alipanga magari yake kwa ngazi. Chevrolet chini kwa mwenye kipato kidogo, juu yake Pontiac, halafu Oldsmobile, Buick, na kileleni Cadillac. Pontiac ilikuwa ya mtu aliyeanza kujiweza, na kwa miaka mingi ikawa gari imara lisilo na jambo, gari la wazee. Hilo lilibadilika 1956, Semon Knudsen alipokabidhiwa kitengo hicho. Aliondoa ile mistari ya fedha iliyokuwa inapita juu ya boneti tangu miaka ya 1930, akavuta vijana. Gari la 1959 likaja na magurudumu yaliyotanuliwa, likakaa chini na kushika barabara, na hata matangazo yake yalijivunia upana huo.

Kisha 1964 ikaja GTO. GM walikuwa na kanuni inayozuia injini kubwa kwenye magari ya ukubwa wa kati. Wahandisi wa Pontiac, chini ya John DeLorean, waliichukua injini kubwa ya V8 (silinda nane) ya lita 6.4 wakaitia ndani ya Tempest, gari lao la ukubwa wa kati, na ili wasivunje kanuni waziwazi wakaiorodhesha kama nyongeza ya kulipia, takriban dola 295. Nguvu za farasi 325. Walitegemea kuuza chache; mwaka wa kwanza ziliondoka zaidi ya 32,000, na 1966 zilikaribia 97,000. Kijana wa kiwandani aliweza kununua gari la kasi bila kuwa tajiri. Sehemu kubwa ya miaka ya 1960 Pontiac ilikuwa ya tatu kwa mauzo Marekani, nyuma ya Chevrolet na Ford tu. Nikiona GTO ya miaka ile kwenye maonyesho ya kiangazi huku Michigan nasimama mpaka mwenyewe aniruhusu kuchungulia injini.

Miaka ya 1970 ilileta sheria za moshi, bima ghali kwa magari yenye nguvu, na mafuta kupanda bei 1973. Hayo yaliwapata wote. Kilichoiua Pontiac hasa, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa GM wa kuzifanya kampuni zake zote ziuze gari moja. Injini ya V8 ya Pontiac yenyewe ilitengenezwa mara ya mwisho 1981. Baada ya hapo unachonunua ni Chevrolet yenye sho tofauti na plastiki nyingi pembeni, na bei ya juu kidogo. Mteja si mjinga. Ngazi ya Sloan ilikuwa na maana pale tu kila kipandio kilipokuwa na kitu chake.

Fiero inanisikitisha kuliko zote. Ilitoka 1984, watu wawili, injini katikati, lakini fedha zilibanwa hadi wahandisi wakaazima miguu ya magari mengine madogo ya GM na injini ya silinda nne ya farasi 92. Baadhi zilishika moto, sifa ikaharibika. Wahandisi wakaendelea, na toleo la 1988 likapata miguu yake mwenyewe, likawa gari walilolikusudia. GM wakaifuta mwaka huohuo. Kuhusu Aztek ya 2001 sitasema mengi. Uso wake ulifukuza watu kabla hawajakaa ndani.

Mwisho wake ulikuja pale GM ilipokuwa inaishi kwa mikopo ya serikali. Tarehe 27 Aprili 2009 walitangaza kwamba Pontiac inafungwa, na tarehe 1 Juni wakaingia mahakamani kwa kufilisika. Vibe ya mwisho ilitoka Fremont Agosti mwaka huo. Mikataba ya mawakala iliisha 31 Oktoba 2010. Buick ikaachwa hai, kwa sababu Wachina walikuwa wanaipenda.

Na wakati huohuo, katika shorumu za Pontiac, kulikuwa na gari zuri kuliko yote waliyouza kwa miaka mingi: G8, iliyoundwa na Holden, kampuni ya GM huko Australia, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, V8 ya lita 6.0 na farasi 361, milango minne, nafasi ya familia nzima. Iliuzwa 2008 na 2009 tu. Nikipata fedha za gari la pili nitatafuta hilo, lililokulia kusini, lisilojua chumvi. Vibe itaendelea kubeba mchele.